Siku Nne Katika Mji wa Bukavu

Wengine kati yenu wametuuliza: mtu akipanda Bukavu kwa matembezi, wala si kwa kesi, wala si kwa ugonjwa, atazame nini, alale wapi, ale nini? Ulizo hili lilituchekesha kidogo. Sisi watu wa Uvira hupanda Bukavu kutafuta karatasi za serikali, ao kumpeleka mgonjwa, ao kumsindikiza mtoto shuleni. Kwenda kutazama tu, hilo tuliliona neno la Wazungu na matajiri. Walakini mwezi wa saba wa mwaka 2019 tulifanya vile, siku nne nzima, na tutawasimulia jinsi ilivyokuwa.

Mjue vema kwamba tunasema mambo ya mwaka ule. Mwezi wa pili wa mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na mengi yakageuka. Anayetaka kwenda aulize kwanza habari za barabara na za mipaka kwa watu waliotoka huko juma lile lile, asiwaulize waliotoka mwaka jana.

Sababu ya safari yetu ilikuwa Mama. Alizaliwa Bukavu mwaka 1952, akakaa huko hata miaka 15. Mwezi wa nane wa mwaka 1967 askari wa kukodiwa wa Jean Schramme waliingia mjini, wakaushika mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, mizinga ikapigwa, nyumba nyingi zikabomoka. Wazazi wake walifunga vyombo katika mashuka, wakashuka naye kwa miguu mpaka bondeni, kiisha Uvira. Tangu siku ile alirudi mara moja tu, kwa maziko, mwaka 1983: usiku aliingia na usiku aliofuata akatoka. Sisi watoto wake watatu tulimsikia kila mara akisema, « Kwetu Bukavu kuna baridi nzuri. » Basi mkubwa wetu alipopata feza kidogo, tukasema: twende tukaone baridi hiyo.

Toka Uvira mpaka Bukavu ni karibu kilometa 130. Ukifika Kamanyola una njia mbili. Wengi huvuka mpaka, wakapita Rwanda kwa barabara ya lami, kiisha wanarudi Kongo pale Ruzizi. Njia ya pili ni kupanda mlima wa Ngomo ndani ya Kongo. Njia ile ni ya mawe na vumbi, ina kona zinazotazamana na shimo, na kamio zimeanguka humo tusizoweza kuzihesabu. Tulitaka kupita Rwanda. Mama akakataa. « Ngomo niliishuka kwa miguu, sasa mnanipandisha kwa gari, na bado mnaogopa? » Tukapanda Ngomo. Dereva aliimba njia yote, na sisi tulitazama upande wa ukuta wa mlima tu.

Watu wengine hawajui kwa nini Bukavu ni mji wa baridi. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari. Ziwa Kivu liko mita 1,460. Ndiyo kusema, mtu wa Uvira hupanda karibu mita 700 mpaka aone ziwa tena. Mto Ruzizi hutoka Kivu pale pale Bukavu, ukateremka mita hizo zote mpaka kwetu, na kwa sababu ya mteremko huo wamejenga mabwawa ya umeme. Umeme unazaliwa mlangoni mwa mji. Lakini jioni taa zinazimika kama kwetu! Mgeni achukue tochi.

Tulifika saa kumi. Ndugu msomaji, mji ule ni mzuri usoni. Ardhi imeingia ziwani kama mkono wenye vidole vitano, na kila kidole ni rasi yenye miti na bustani. Rasi moja Wabelgiji waliiita La Botte, maana umbo lake ni la kiatu kirefu. Wakati wao mji uliitwa Costermansville, jina la mkubwa mmoja wa serikali yao. Lile jina la Bukavu lilirudi katika miaka ya 1950. Wenyeji husema maana yake ni mahali pa ng'ombe. Sasa ng'ombe wamekwisha, kilima chote ni nyumba, na nyumba nyingine imekaa juu ya kichwa cha nyingine. Mvua kubwa ikinyesha udongo huteremka na watu wake. Mji huu ulipangwa kwa watu wachache, nao wamekuwa zaidi ya milioni. Mgeni anayetazama toka ziwani huona uzuri; akipanda kwa miguu mpaka Kadutu ataona mengine.

Sasa kulala. Mama mwenyewe alimwonyesha dereva njia, akatusimamisha mbele ya hoteli moja karibu na ziwa. Hatutaitaja. Tulidhani ameipenda kwa sababu ya maua yake. Tuliingia wanne, Mama na kikwembe chake cha safari chenye vumbi la Ngomo, na kikapu chake mkononi, maana hakukubali kiwekwe garini. Kijana wa mezani aliangalia kikapu, kiisha viatu vyetu, akasema vyumba vimejaa. Haya. Tukiwa bado tunauliza njia ya mahali pengine, aliingia bwana mmoja mwenye sanduku la magurudumu, naye hakuandika barua ya kuomba nafasi, tulisikia mwenyewe akiuliza, « Mna chumba? » Akapewa ufunguo. Mkubwa wetu aligeuka ili aseme neno. Mama akamshika mkono wa shati. « Twende, » alisema tu.

Tulilala kwa masista. Hilo ndilo shauri letu kwa mgeni asiye na feza nyingi: aulize nyumba za wageni za masista na za mapadri, ziko kadhaa katika Bukavu. Vyumba ni vidogo na safi, kitanda kina chandarua, asubuhi unapewa mkate, chai ya maziwa na parachichi. Lazima ujue sheria zake: lango hufungwa mapema, pombe hakuna, na ukicheka sana baada ya sala ya jioni sista mzee atapita koridoni akikohoa. Maji ya moto yalikuja kwa ndoo, tukaoga tukitetemeka. Mama alifurahi. Alisema baridi ni ile ile, haikuzeeka.

Siku ya pili tulitembea. Njia kubwa ya mji, inayoitwa kwa jina la Patrice Lumumba, bado ina nyumba za zamani za Wabelgiji zenye kona za mviringo. Rangi imebanduka, lakini atakayeinua macho juu ya vibao vya maduka ataona ufundi wa waashi. Tulikwenda Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Amani. Kando yake tulisimama penye kaburi la Askofu mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa kwa risasi pale Nyawera tarehe 29 mwezi wa kumi mwaka 1996, kwa kuwa hakunyamaza mbele ya vita. Nyawera si mbali. Magari hupita pale mchana kutwa, na muuza vitambaa akatuonyesha mahali bila kuulizwa.

Mgeni asikose soko la Kadutu. Aende asubuhi, aweke feza yake ndani ya nguo, asivae viatu vizuri. Pale Mama aligeuka kijana. Aliuliza bei ya kila kitu na hakununua: maharagi ya rangi sita, lengalenga, marakuja, jibini la mviringo la milimani, viazi, majani ya sombe yakitwangwa mbele yako. Wauzaji walimwita Koko, akawajibu kwa Kishi, na Kishi chake cha mwaka 1967 kiliwachekesha mpaka wakamwongezea pilipili bure.

Kwa habari ya chakula, msitafute mbali. Kuleni sambaza. Ni samaki wadogo kama kidole, hukaangwa wazima, unawala na kichwa, pamoja na ndimu, pilipili na bugali ya mihogo. Katika vibanda vya Kadutu sahani moja haifiki bei ya soda mbili za hoteli. Jioni ukikaa karibu na ziwa utaona wavuvi wakitoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakipiga kasia na kuimba, na usiku taa zao juu ya maji ni kama mji mwingine. Lakini tuwaambie jambo ambalo wengi hawalijui: sambaza si wenyeji wa Kivu. Ziwa hili lilikuwa na samaki wachache. Mwaka 1959 walitolewa katika Tanganyika, wakaja kumwagwa hapa, wakazaa. Ni jamaa ya ndagala zetu! Tulipomweleza Mama neno hili alitafuna kwanza, kiisha akasema, « Basi wao walipanda, sisi tukashuka. »

Mushikaki wa mbuzi na makemba ya kukaangwa ni vizuri vilevile. Kasiksi, ile divai ya ndizi, mkubwa wetu alionja mara mbili. Tumwachie yeye maelezo.

Siku ya tatu ilikuwa ya mlima. Mbuga ya Kahuzi-Biega huanza karibu kilometa 30 toka mjini, na lango lake ni Tshivanga. Njiani unapita mashamba ya chai, na mlima Kahuzi unasimama mbele yako, mita 3,308. Mbuga iliwekwa mwaka 1970, kwa juhudi ya Mbelgiji Adrien Deschryver, ili gorila wa huku wasimalizike. Mwaka 1980 UNESCO iliihesabu kati ya mali za dunia yote. Mwaka 1997, kwa sababu ya vita, ikaandikwa kati ya mali zilizo hatarini. Ukitaka kuwaona gorila unakwenda na askari wa mbuga, unatembea msituni saa moja, mara saa tano, kwani wao hawana ratiba. Mwenye mafua haruhusiwi, maana magonjwa yetu huwaua, na saa moja ya kuwatazama ikiisha unarudi.

Sisi hatukuwaona. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni wa ngambo, lakini kwa sisi ilikuwa bado feza nyingi, na Mama hawezi kupenya msitu kwa miguu yake. Mkubwa wetu aliiweka feza hiyo katika bahasha tangu Uvira, ya watu wawili, akatumaini kupiga kura. Tulikwenda mpaka langoni kuuliza tu. Huko tulizungumza na mzee mmoja Mtwa, aliyekaa chini ya mti akingojea gari. Alisema baba yake alizaliwa ndani, akaonyesha msitu kwa kidevu. Katika miaka ya 1970 Batwa walitolewa humo bila shamba lingine. Mwaka 2018 jamaa nyingi zilirudi kwa nguvu, watu wakauana, wao na askari wa mbuga, na miti mingi ikakatwa kwa makaa. Miaka imepita tangu mazungumzo yale, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba serikali iliwakosea Batwa wa Kahuzi-Biega. Yule mzee hatujui kama alisikia. Siku ile alimwuliza Mama, « Wewe umetoka wapi? » Mama akajibu, « Hapa hapa, » na wote wawili wakacheka kwa namna ambayo sisi watoto hatukuingia.

Tukirudi tulipita Lwiro, mahali pa wataalamu wa viumbe tangu wakati wa Wabelgiji, penye nyumba kubwa za mawe na bustani. Sokwe walionyang'anywa wawindaji hutunzwa pale. Mama alisinzia garini, hatukukaa.

Jioni ile tulikuwa barazani kwa masista, na hapo Mama akatuambia neno alilolificha siku tatu. Ile hoteli iliyotukataa, alisema, ni pale babu yenu alipopika.

Tulijua babu alikuwa mpishi wa Wazungu. Hatukujua ni wapi. Mama alieleza polepole. Babu alipika pale tangu kabla ya yeye kuzaliwa. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni na kutoka kwa mlango wa jikoni. Kazi ilipochelewa usiku ilimpasa kushika karatasi iliyoandikwa na bwana wake, maana bila karatasi Mwafrika aliyeonekana usiku katika mtaa wa Wazungu alifungwa. Mama, akiwa na miaka sita, saba, alishuka toka Kadutu jioni, akakaa juu ya ngazi za nyuma, akamngojea. Babu alifungua mlango kidogo, akampa mkate uliokatika, siku nyingine mfupa wenye nyama. Kwa mlango ule Mama aliona kipande cha meza moja, yenye kitambaa cheupe na glasi. Kipande tu. Baada ya uhuru mwaka 1960 sheria zile zilikwisha, lakini babu hakukaa mezani hata siku moja. Alisema mpishi hawezi kula chakula asichokipika, angekiona kibaya.

« Nilitaka kulala mle usiku mmoja, » alisema Mama. « Haikuwezekana. Si neno. »

Sisi watatu tulitoka nje, tukagombana chini ya mwembe wa masista, kwa sauti ndogo kwa ajili ya sista mzee. Mdogo wetu alisema feza ya gorila ile ile itoshe chakula cha watu wanne pale hotelini, kesho adhuhuri. Mkubwa wetu alikasirika. Alisema hatapeleka hata franka moja kwa watu waliomdharau mama yake, tena feza ni ya jasho lake, tena gorila ni kitu ambacho wanawe wangemwuliza. Mdogo wetu akajibu, « Gorila watakungoja. Mama ana miaka 67. » Kila mmoja alikuwa na haki upande wake, tuseme kweli. Kudharauliwa na kiisha kumlipa aliyekudharau, hilo ni chungu. Mkubwa wetu alikwenda kulala bila kutuaga. Asubuhi tulikuta bahasha katika kikapu cha Mama, chini ya leso yake.

Tulikwenda adhuhuri. Kijana wa mezani alikuwa mwingine. Pengine yule wa kwanza alipumzika siku ile. Tuliketi karibu na dirisha, ziwa chini yetu. Vitambaa vilikuwa vyeupe. Mama aliweka mikono juu ya kitambaa, akaiondoa, akaiweka tena. Orodha ya chakula ilikuwa ndefu, na bei zilimfanya mkubwa wetu avute pumzi: nyama ya ng'ombe na mchuzi wa uyoga, samaki mkubwa na viazi vya kukaangwa, kuku. Mama alisomewa yote. Akachagua sambaza.

« Mama, sambaza umekula Kadutu jana! »

« Nataka kujua kama hapa wanajua kuzikaanga. »

Zililetwa katika sahani pana na majani ya kijani kando. Alikula nusu, kwa utulivu, akasema mafuta hayakuwa na moto wa kutosha. Kiisha alimwita mpakuzi, akamwomba kumwona mpishi. Tuliogopa atamgombeza. Alitoka kijana mwembamba mwenye kofia nyeupe, akasalimu kwa mikono miwili, « Jambo, Koko. » Mama akamwuliza kama anaweza kuona jikoni. Kijana alitazama nyuma yake, hakumwona mkubwa wake wa kazi, akasema, « Njoo upesi. »

Tulimfuata. Majiko yalikuwa mapya, ukuta umepakwa upya, naye hakutambua kitu. Akauliza mlango wa nyuma. Mlango ulikuwa wa chuma. Kijana akaufungua, na nje kulikuwa na ngazi tatu za mawe meusi, zimelika katikati. Mama alishuka ya kwanza, akaketi juu yake na nguo zake za Jumapili. Hatukusema kitu. Alimwuliza kijana anakaa wapi. Akajibu juu, Kadutu, na kila usiku hupanda kwa miguu. Akamwuliza watoto. Wawili.

« Unawapelekea nini? »

« Hakuna, Koko. Imekatazwa kutoa kitu jikoni, hata mabaki. Walimfukuza mwenzetu kwa kuku. »

Mama alinyamaza kidogo. Kiisha alimtuma mdogo wetu mezani akalete ile nusu ya sambaza, akaomba karatasi, akazifunga mwenyewe kwa namna wanavyofunga sokoni, ncha ndani ya ncha. « Hizi si za jikoni, » alimwambia. « Hizi ni zangu, nimezilipa. Akikuuliza mtu, mwambie mgeni wa meza ya dirishani alikupa. » Kijana alipokea kwa mikono miwili, akaweka chini ya kofia yake, na sote tukacheka, maana mafuta yalianza kupita.

Mkubwa wetu alilipa. Tulitoka kwa mlango wa mbele, Mama mbele yetu na kikapu chake. Askari wa lango alimpigia saluti, naye akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyezoea.